Mbawala Aliyempita Baba Mdogo

Mbawala hubweka. Nikimwambia hivyo mtu aliyekulia mjini hunitazama kama nimechanganyikiwa, maana yeye anajua anayebweka ni mbwa. Lakini sisi tuliozaliwa Uru, juu ya Moshi, vihamba vyetu vya migomba na kahawa vikiishia ukingoni mwa korongo, tuliamshwa na sauti hiyo mara nyingi kuliko jogoo. Ni mbweko mmoja tu, mkavu, mzito, kama mtu mzima aliyekasirika anakohoa mara moja na kunyamaza. Halafu unabaki unasikiliza maji ya mto kule chini na umande unaodondoka kwenye majani ya migomba, na hujui kama mnyama yuko hatua ishirini kutoka mlangoni kwako au yuko ng'ambo ya pili. Bibi yangu, aliyekuwa jikoni akipuliza moto, alikuwa akisema, "Huyo ameshiba maharage yangu, sasa anashukuru." Alisema hivyo bila kucheka.

Wengine humwita pongo. Ni mnyama wa kimo cha mbuzi mkubwa, lakini usimfananishe na mbuzi. Dume ana rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi mabegani, na mgongoni na mapajani ana madoa meupe kama mtu amemrushia unga kwa vidole. Pembe zake hupanda juu zikijisokota, kila moja kama kamba iliyopindwa mara moja ikaachwa. Jike hana pembe, na rangi yake ni nyekundu ya udongo wetu. Wote wawili hukaa kwenye vichaka ambavyo wewe na mimi tungeingia kwa kutambaa, na humo ndani wanapita bila kuvunja kijiti. Dume akitaka kupita chini ya miiba hunyoosha shingo, pembe zikalala mgongoni, akateleza kama maji. Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wenye akili na wanyama wenye akili, na mbawala namweka mbele ya watu kadhaa ninaowajua.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa au kumi. Baba alifanya kazi chini huko kwenye mashamba ya miwa, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa tatu, na kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa mtori na supu, hashiki jembe wala mundu. Kwa hiyo majani ya ng'ombe yalikuwa juu yangu. Ng'ombe wetu hawatoki kwenda malishoni, wanafungiwa bandani na kuletewa chakula kama wagonjwa. Kila siku nilishuka korongoni na mundu, nikakata majani, nikafunga mzigo kwa kamba ya mgomba, nikaweka ngata kichwani na kupanda. Mwanamume wa karibu nyumbani alikuwa baba yangu mdogo, Proti, mdogo wake baba, ambaye alikuwa bado hajaoa. Mimi nilipewa jina la bibi, mama yake, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga aliniita Mama. "Mama, umekula? Mama, mbona mzigo mkubwa hivyo, unataka kuota kibiongo?" Hakuwa msemaji. Maneno mengi aliyowahi kuyasema kwa siku moja nadhani aliyasema kwangu na kwa ng'ombe.

Baba mdogo alikuwa na jambo moja la kujivunia, ingawa hakujivunia. Alisimama mlangoni. Mlango ninaousema ni upenyo mmoja tu kwenye lile korongo, mahali ambapo vichaka vinaachia kidogo kati ya mwamba na ukuta wa udongo, na mnyama anayekimbizwa kutoka chini hana pa kutokea isipokuwa hapo. Siku ya kuwinda wanaume wengine waliingia chini na mbwa, wakipiga kelele na kugonga miti, wakimsukuma mbawala kuelekea juu. Mmoja tu ndiye aliyesimama mlangoni na mkuki. Ni kazi ya mtu asiyetikisika, kwa sababu unasikia mbwa wanakuja, unasikia kelele, lakini mnyama mwenyewe humsikii mpaka anapokuwa mbele ya goti lako. Babu yangu alisimama hapo mpaka alipokufa, na baada yake wazee walimpa Proti nafasi hiyo. Nyama ikigawanywa, mtu wa mlangoni alipata kidari. Si kwa sababu ya utamu wake. Kidari kilipopita njiani kimefungwa kwenye jani la mgomba, kila mtu alijua kinakwenda kwa nani.

Aliyeongoza uwindaji alikuwa jirani yetu, Mzee Kasiani, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuiambia irudie. Yeye ndiye aliyesema lini watu washuke, na akishasema, korongo lilifungwa. Siku hiyo mwanamke hashuki, mtoto hashuki, hakatwi hata jani moja. Sababu ya kwanza ni mikuki. Sababu ya pili ni harufu, maana mbawala akinusa mtu mahali asipomtarajia hugeuka, na kazi ya siku nzima inakufa. Aliyevunja amri hiyo alichapwa, na mama yake alitakiwa kupika mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya wawindaji. Siku ya korongo kufungwa tulilisha ng'ombe mashina ya migomba yaliyokatwakatwa. Nilichukia kukata mashina. Utomvu wake ulichafua gauni ukabaki doa lisilotoka, na gauni la kazi nilikuwa nalo moja.

Mwezi ule dume mmoja alikuwa amelizoea shamba la bibi la maharage. Alikula machipukizi yote machanga, safu kwa safu, kama mtu anayepalilia. Bibi alikwenda kulalamika kwa Mzee Kasiani, na mzee akasema watu washuke Jumamosi. Asubuhi hiyo nilitazama mashina ya migomba, nikatazama gauni langu, nikawaza kwamba juu kabisa ya mlango, pale kwenye ukuta wa udongo, kuna majani marefu ambayo hakuna aliyewahi kuyakata kwa kuogopa kuanguka. Nikajiambia wawindaji wako chini sana, nitakata haraka na kuondoka kabla hawajapanda. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu, na siupambi. Sikutumwa, sikulazimishwa. Nilikuwa mvivu, nikajiona mjanja.

Nilikuwa nimekata nusu mzigo niliposikia mbwa. Hawakuwa mbali kama nilivyodhani. Nikalala kifudifudi kwenye majani, nikachungulia chini. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ameegemeza bega la kushoto kwenye mwamba, mkuki ameushika chini chini, hatikisiki hata ukosi wa shati. Ndipo nikamwona dume. Sijui alitokea wapi, maana nilikuwa natazama pale pale. Kichaka kilikuwa kichaka, halafu kikawa na macho. Alikuwa hatua tano kutoka kwa Baba mdogo, mguu mmoja wa mbele ameuinua, pembe zimelala mgongoni, mabaka meupe ya shingoni yanapanda na kushuka kwa pumzi. Hatua moja zaidi na angekuwa wazi. Upepo ukanipita mgongoni ukashuka kwake, umebeba harufu ya majani niliyokata na jasho langu. Akainua pua. Akabweka mara moja, karibu hivyo, nikahisi mbweko ule kifuani, kisha akageuka akarudi chini, katikati ya mbwa na watu, na hakuna aliyemwona tena.

Kabla sijavuta pumzi kichaka kilipasuka, na jike akatoka mbio. Alikuwa mwekundu, mzito, tumbo lake likigusa majani. Mbwa walikuwa kwenye visigino vyake. Alipita mbele ya Baba mdogo karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa kwa mkono. Baba mdogo aliuinua mkuki, nikauona ukipanda mpaka juu ya sikio lake, kisha nikauona ukishuka taratibu. Jike akapita. Mbwa wakapita. Yeye akabaki amesimama, na mimi nikaacha mzigo wangu pale pale, nikatambaa kurudi nyuma mpaka kwenye kahawa zetu, nikakata mashina ya migomba.

Yaliyofuata niliyasikia jioni ile kwa bibi, na siku zilizofuata kwa kila mtu. Wawindaji walipopanda walimkuta Proti na mkuki msafi. Mzee Kasiani, aliyekuwa mita chache chini ya mlango, akamwambia, "Dume amebweka miguuni pako. Mimi si kiziwi. Amepita wapi?" Baba mdogo akasema, "Aliyepita ni jike, ana mimba." Kwetu jike mwenye mimba hapigwi, hilo linajulikana. Lakini chini kule vichakani hakuna aliyekuwa ameona kitu, mbwa walikuwa wamekanyaga nyayo zote, na mbweko wa dume watu wote waliusikia. Kijana mmoja, Filbati, mpwa wake Mzee Kasiani, aliyekuwa akiutamani ule mlango kwa muda mrefu, akasema kwa sauti, "Ukimwogopa dume, lazima umgeuze jike." Watu wakacheka. Mzee Kasiani hakucheka, ila alisema uwindaji unaofuata atasimama Filbati, na Proti ataingia chini na mbwa.

Msomaji wa leo anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kijiji chetu kilikuwa kidogo, na mtu hakuwa na jina la kuweka akiba mahali pengine. Baba mdogo alipokwenda kufungulia maji kwenye mfereji, zamu yake ilipofika, watu waliingiza utani. "Proti, angalia, kuna chura hapo, usije ukakimbia." Wanawake waliokuwa wakifua walimwambia, "Tuazime huo mkuki basi, tuchomee ndizi, maana kwako hauna kazi." Bibi alimpigania kwa mdomo kila alikokwenda, kisha akirudi nyumbani alimuuliza taratibu, "Lakini mwanangu, ni kweli alikuwa jike?" Naye alijibu, "Alikuwa jike, mama," akaendelea kula. Nilikuwa nimekaa pale pale, kati yao, na sahani mapajani.  Niliwaza fimbo, lakini zaidi niliwaza mama yangu kutolewa ndani na kichanga kwenda kusaga ulezi wa mbege kwa sababu yangu. Nilijiambia hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza. Ilikuwa sababu nzuri, na nyuma yake nilijificha mimi mwenyewe na woga wangu.

Nilinyamaza siku nane. Siku ya nane, Jumapili, tulipotoka misani Baba mdogo hakusimama na wanaume nje ya kanisa kama kawaida yake. Alipita pembeni ya ukuta, kofia mkononi, akatangulia nyumbani peke yake. Nilimtazama mgongo wake ukishuka kati ya migomba, mtu aliyekuwa akitembea katikati ya njia maisha yake yote. Nikaona siwezi tena.

Kwetu kuna mmea unaoitwa isale, wenye majani marefu ya kijani, tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Mtu aliyekosa akitaka msamaha huenda kwa aliyemkosea ameshika jani la isale, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfukuza. Ni lazima amsikilize, hata kama alikuwa ameapa kumkata panga. Nilikuwa nimewaona wazee wakifanya hivyo. Sikuwa nimeona mtoto akifanya, wala hakuna aliyeniambia jani huchumwa wapi na nani. Nilikwenda kwenye isale la karibu nikachuma jani refu kuliko yote, nikavuka kwa Mzee Kasiani.

Wawindaji walikuwa wamekaa uani kwake wakinywa mbege, kata inazunguka. Filbati ndiye aliyeniona kwanza. "Karibu, bibi mdogo," akasema. "Umetumwa na Proti uje umwombee mkuki?" Wakacheka mpaka mbege ikamwagika. Kisha Mzee Kasiani akaona nilichoshika kwa mikono miwili, akainua kiganja chake, na kicheko kikakatika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hicho unakijua?"

"Ni isale, babu."

"Nani amekupa?"

"Nimechuma mwenyewe."

"Wapi?"

"Mpakani."

"Mpaka upi?"

"Wa kwetu na kwako."

Mzee alinitazama. "Yaani umeng'oa mpaka wangu," akasema, "halafu unaniletea mkononi uniombe msamaha." Wazee wawili walifunika midomo. Yeye uso wake haukubadilika, lakini alinyoosha mkono akalipokea lile jani, akaliweka magotini. "Haya. Sema."

Nikasema yote. Majani, upepo, dume alivyoinua mguu, alivyoinua pua, jike na tumbo lake. Nilisema nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilipomaliza, Filbati akasema mtoto amefundishwa maneno na bibi yake. Mzee Kasiani alimtuma mtu akamwite Proti, na akamwambia asimweleze anaitiwa nini. Baba mdogo alikuja na matope ya bandani miguuni. Aliniona, akaliona jani, akasimama.

"Proti," mzee akasema, "siku ile mlangoni, juu yako kwenye ukuta kulikuwa na nani?"

Baba mdogo akajibu, "Sikuona mtu, mzee."

"Mtoto amesema mwenyewe. Hajalazimishwa."

Hapo alinitazama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Kama amesema mwenyewe, basi," akajibu. "Nilimwona. Dume alipogeuka nilitazama juu nijue amenusa nini. Alikuwa amelala kwenye majani, anadhani kisigino chake hakionekani."

"Kwa nini hukusema?"

"Mngemchapa. Na mbege angepika nani, shemeji akiwa ndani?"

"Wewe nawe," Filbati akadakia, "ungetuambia sisi wanaume wenzako, tungekuelewa."

Baba mdogo akamgeukia. "Niliwaambia ni jike. Mlielewa?"

 Kuku walikuwa wanadonoa machicha ya mbege chini ya benchi, na sauti ya midomo yao ilisikika. Kumbe siku zote zile nane, kwenye mfereji, kanisani, mbele ya bibi aliyekuwa akimshuku kwa upole, alikuwa na shahidi wake. Alikuwa anakula naye kila jioni. Angeweza kunyoosha kidole tu. Nilianza kulia, na Mzee Kasiani akaniambia nikalilie kwetu, hapa kuna shauri.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Mtungi mmoja wa mbege, mama atakapotoka nje, asiharakishwe. Jumamosi korongo litafungwa, na mimi nitakaa kando yake siku nzima anione. Mlango urudi kwa mwenyewe. Kisha Mzee Kasiani akafanya jambo ambalo wazee waliokuwepo walilieleza kwa miaka mingi. Aliinuka, akalichukua lile jani la isale nililomletea, akatembea mpaka mbele ya Baba mdogo, mtu ambaye kwa umri angeweza kumzaa, akampa kwa mikono miwili.  Baba mdogo alipiga goti moja alipolipokea.

Jumamosi nilikaa na Mzee Kasiani juu ya mwamba ng'ambo ya mlango, upepo ukitujia usoni. Alikuwa amechagua mahali hapo kwa sababu ya upepo, na alinieleza hivyo kwa ukali, kama mwalimu. Chini yetu korongo lote lilikuwa limejaa kijani, miti imeshikana, huwezi kuona ardhi. Tulisikia wanaume wakianza kule mbali, tukasikia mbwa, kisha kwa muda hatukusikia kitu. Mzee akaninong'oneza, "Tazama pale usipotaka kutazama." Nikatazama kivuli kilichoonekana hakina kitu, na dume alikuwa amesimama humo. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Mbwa walikuwa wameshampita, wako mbele huko juu, naye ametulia, masikio tu yanazunguka. Angeweza kukaa pale wote wakapita. Nadhani angeshinda, lakini mbwa mmoja mzee aliyekuwa nyuma kwa uchovu akakanyaga karibu naye, na dume akaamua.

Aliruka kuelekea mlangoni. Mkuki wa Baba mdogo ulimpata nyuma ya bega, si mahali pazuri, akaanguka magoti, akainuka, akaingia kwenye kichaka cha miiba pembeni. Mbwa wa kwanza aliyemfuata alitoka akilia, ubavu umechanika. Wanaume walifika wakasimama. Mbawala aliyejeruhiwa hakimbii, anageuka kukungoja, kichwa chini, na ndani ya kichaka wewe umetambaa kwa mikono na magoti huku yeye amesimama. Filbati alisema wamwache mpaka afe mwenyewe. Baba mdogo alisema, "Nimemwumiza mimi," akachukua mkuki mfupi wa mtu, akalala chini, akaingia. Niliona viatu vyake vikimezwa na majani. Mzee Kasiani alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Kichaka kilitikisika mara mbili. Kisha kimya. Kisha Baba mdogo akatoka kinyumenyume, akimvuta dume kwa pembe, paja lake mwenyewe limepasuliwa kutoka goti kwenda juu, damu inajaza kiatu. Aliketi chini. Hakuna aliyeshangilia. Wanaume walisimama wakimzunguka yule mnyama, wakamtazama jinsi alivyolala na madoa yake, na Mzee Kasiani alishuka akamfumba macho kwa vidole vyake. Kidari kilipofungwa kwenye jani la mgomba Baba mdogo alimwelekeza aliyebeba akipeleke kwa mama yangu, kikachemshwe supu ya mzazi. Alichechemea mpaka mvua za masika zilipokwisha, na kila aliyemtania kuhusu kuchechemea alimtania kwa heshima.

Leo kuwinda ni kosa, na nasema ni sawa liwe kosa. Watu tumekuwa wengi, msitu umebaki ule wa juu unaolindwa, na korongo letu upande mmoja limepandwa parachichi, upande wa pili limejengwa nyumba za bati za rangi. Mbawala wapo wachache. Asubuhi nyingine nasikia mmoja, na sina hamu ya kumla. Mambo mengi ya zamani siyalilii. Mtoto kuchapwa kwa ajili ya majani ya ng'ombe silisifii, na binti zangu walipojifungua hospitalini nilimshukuru Mungu. Maji ya bomba ni mazuri. Simu ni nzuri, naona nyuso za wajukuu walioko mbali.

Lakini mwaka jana mjukuu wangu aliyeko mjini alilaumiwa na wenzake kwa kosa ambalo hakulifanya. Alikuwa na picha na maneno yote kwenye simu yake. Kabla hajamaliza chai alikuwa ameyarusha kwa watu wote, na msichana mmoja ambaye ndiye aliyekosea, msichana wa miaka kumi na minane, aliaibika mbele ya ukoo mzima. Nilimuuliza kama alimpigia kwanza yule msichana aseme mwenyewe. Akaniambia, "Bibi, mimi nilikuwa na ushahidi." Ni kweli, alikuwa nao. Sikumgombeza, maana alisema ukweli na haki ilikuwa yake. Nilikaa tu nikihesabu. Yeye haikufika nusu saa. Baba mdogo alikaa siku nane, na angekaa mpaka kufa.

Najua angekaa, kwa sababu alipozeeka, akiwa ameoa na kuzaa na kuzika, vijana walimwomba mara nyingi awaeleze habari za kuwinda. Aliwaeleza. Alieleza mbwa, mlango, kovu la pajani. Akifika kwenye ile Jumamosi ya kwanza alisema tu, "Siku ile dume alinusa kitu akageuka," na kuendelea na mengine. Nilikuwepo nikimmiminia mbege, mwanamke mzima mwenye watoto, na kosa langu likiwa limesamehewa miaka mingi, na bado hakunitaja. Tumemzika kihambani kwake. Sasa hayupo wa kunificha, kwa hiyo nimejitaja mwenyewe: aliyekuwa juu ya ukuta ni mimi.